Kifaa chako kiko kwangu

Mdogo wangu,

Umenibloku tangu Jumapili ile, basi naandika hapa. Najua wenzako wa mazoezini wanapita humu, watakuonyesha. Na wengine mtakaosoma mtuvumilie, humu mna mambo ya nyumbani.

Mama anasema unakula vizuri na kidevu kimepona. Nashukuru.

Sasa tuje Mweka, kule mteremkoni ulikoanguka ukikimbia na wenzako huku mguu haujapona Guillain-Barré. Unawaambia watu ulijikwaa kwenye jiwe. Hapakuwa na jiwe. Kupanda uliwamudu wenzako, hilo silikatai, na ndilo lililokudanganya. Mtu akipanda anakanyagia mbele ya unyayo, kazi kubwa inafanywa na mapaja na mashavu ya miguu, na yako yamesharudi. Kushuka ni hesabu nyingine. Kisigino kinatangulia, halafu msuli wa mbele ya ugoko unatakiwa kuushusha unyayo taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba. Mguu wako wa kulia unaiachia kamba. Ndiyo ile "pa, pa" anayoisikia Mama koridoni kabla hujafika jikoni. Kilomita mbili za mteremko zikauchosha msuli mpaka ukashindwa hata kuinua vidole, ncha ya kiatu ikanasa kwenye lami. Tazama raba zako: ya kulia soli imelika mbele, penye kidole gumba, ya kushoto nzima. Jiwe gani linakula soli namna hiyo?

Na kifaa, ile plastiki ya kuushikilia unyayo usidondoke, ukakivua ukakificha kwenye masale ya watu, ile mimea ya uzio. Masale, jamani! Bibi mwenye kihamba, shamba lile la nyumbani, alidhani kuna mtu kasahau mguu wa bandia.

Wewe hujawahi kukubali kwamba ugonjwa haukuisha siku uliyotoka wodini. Nyumbani wengine bado wanasema ulilishwa kitu. Hukulishwa kitu. Ulihara, kinga ya mwili ikapigana na vijidudu, kisha ikazigeukia neva zako mwenyewe. Guillain-Barré mara nyingi huja hivyo, siku chache au wiki kadhaa baada ya kuhara au mafua, inaanzia miguuni na kupanda. Neva ikivuliwa ganda tu, inarudi ndani ya wiki au miezi. Uzi wa ndani ukikatika, unaota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku. Toka kiunoni hadi ugokoni, kwa urefu wako, ni sentimita 70 na ushee. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa unanishinda hisabati. Wakati huohuo nyuzi za neva zilizosalia zinachipua kuhudumia misuli iliyoachwa yatima. Ni daladala moja inayobeba abiria wa daladala tatu. Inafika, ila huipeleki Mweka.

Hayo yote nilitaka kuyasema ile Jumapili, na hukunipa nafasi. Sebule imejaa, baba mdogo anakusifu kwamba mwanaume haogopi mteremko, plasta nyeupe kidevuni, na wewe ukanigeukia mbele ya wageni: "Dada anataka nibaki mgonjwa ili apate wa kumhudumia." Watu wakacheka. Mama akainuka kwenda kutazama chai ambayo ilikuwa imeshamiminwa. Ulirudia mara ya pili, nadhani ulipenda kicheko. Kule kuanguka nimeshasahau. Hilo la sebuleni bado naamka nalo.

Ndiyo, mimi ndiye niliyempigia kocha wako. Sikumwambia akufukuze. Nilimwambia asikupeleke mlimani mpaka utimize mambo matatu: utembee dakika 30 tambarare na kesho yake mguu usiwe dhaifu zaidi, usimame kwa mguu mmoja sekunde 30 bila kushika kitu, unyanyuke kwa ncha ya mguu mmoja mara 20, kila upande. Hayo si ya kwangu tu, mtu yeyote wa kazi yangu hii ya fiziotherapia angekuambia yanayofanana. Ungekuwa mgonjwa wa mtu mwingine ningesema vilevile, na wala nisingetukanwa.

Ukitimiza, anza kule Rau ambako ni tambarare, asubuhi kabla ya jua. Dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, mara 8. Siku tatu kwa wiki, kila moja ifuatwe na mapumziko. Kaa hapo wiki mbili hata ukijisikia simba, ndipo upandishe iwe 2 kwa 2. Mteremko utauanza kwa kutembea. Kukimbia chini ni mpaka uweze kutembea kwa visigino hatua 20 bila vidole kugusa chini.

Ule msuli wa ugoko unautengeneza kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikate utepe wa upana wa vidole viwili, funga kwenye mguu wa kitanda, kaa chini miguu imenyooka, pitisha utepe juu ya unyayo. Vuta vidole kuja kwako, kisha rudisha ukihesabu mpaka nne. Watu wanavuta kwa nguvu halafu wanaachia, pa! Hapo umepoteza zoezi lote, kwa sababu huko kurudisha polepole ndiko kushuka Mweka. Mara 8, pumzika, tena mara 8, tena. Unyayo ukianza kutetemeka au kupinda upande, acha hata kama umefika ya tano. Shavu la mguu livute kwa kanga, ipitishe chini ya vidole, sekunde 30, mara 4. Likikakamaa hakuna kifaa kitakachoufaa mguu huo.

Kila asubuhi, kabla hujasimama, kaa ukingoni mwa kitanda, visigino chini, inua vidole mara 10. Ukipata pungufu ya jana, leo hukimbii. Hubishani na kocha, hubishani na mimi, unabishana na vidole vyako. Na ganzi bado unayo, usijifanye. Kung'uta raba kabla ya kuvaa, kagua nyayo jioni. Lengelenge usilolisikia linakuwa kidonda. Udhaifu ukianza tena kupanda miguu yote miwili, ni hospitali siku hiyohiyo. Kurudi kwake ni nadra, ila hatungoji kesho.

Picha ya Simbu na dhahabu yake ya marathoni ya dunia, Tokyo 2025, bado iko juu ya kitanda chako, Mama kaniambia. Huyo alichukua shaba London 2017. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka 8, wewe unagombana na ndugu kwa miezi 5. Najua utasema Simbu hakulala wodini. Haya.

Mama anataka nikuletee isale, jani letu la kuombea msamaha, tuyamalize. Sileti. Anayeleta isale ni aliyekosa, na mimi nimelipitia jambo hili mbele na nyuma, sijaona kosa langu. Labda kumpigia kocha kabla yako. Labda hilo.

Kifaa nimekipeleka kwa fundi aliyesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC. Kilikuwa kinakubana ubavuni, nyuma ya kidole kidogo, na hukusema. Amekipasha moto akapasukuma nje. Kivae saa moja ya kwanza, vua, tazama ngozi: wekundu usipopotea ndani ya nusu saa, kirudishe. Na pale kinapokuwa chembamba, nyuma ya kifundo, ukiona mstari mweupe ujue plastiki imechoka, usikimbie nacho. Raba ya kulia itabidi iwe kubwa nusu namba. Za mtumba soko la Memorial zipo, ila bonyeza soli kwanza, nyingi zimekufa kisigino.

Nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na soksi ndefu, zile nyeusi.

Dada yako