Papa yangu, nani mwenye lupango?

Papa yangu,

Mwanangu, sauti uliyotuma nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimwita bibi yako asikie naye: mtoto wetu anapanga nyumba kwa franga zake mwenyewe. Mara ya tatu nilikaa chini. Umetaja chumba na sebule, rangi mpya, dola 150 kwa mwezi, garanti, ile amana ya nyumba, ya miezi 6, na kwamba Jumamosi unatoa pesa. Jina la mwenye lupango, yaani kiwanja na nyumba iliyo juu yake, hukulitaja. Umesema tu komisionere, yule dalali, ni mtu mzuri.

Nani mwenye lupango?

Komisionere anakuonyesha mlango, anachukua mwezi wake mmoja, basi. Mtafute mwenyewe. Mwombe sertifika ya lupango, ile hati ya umiliki inayotoka kwa konservateri wa ofisi ya ardhi, ulinganishe jina lake na kadi ya kura ya huyo anayetaka kupokea pesa. Kama aliyeandikwa amekufa, usitoe kitu kwanza. Uliza ameacha watoto wangapi, na kama wote wamekubali huyu mmoja apangishe. Kisha rudi peke yako jioni, uongee na majirani wa pande zote mbili. Aliyetoka humo alitoka kwa nini? Garanti yake alirudishiwa?

Utasema mama anaogopa kila kitu. Ile asubuhi ya vitu vyetu barabarani uliiona kwa macho yako, siirudii. Usichokijua ni kwamba yule aliyepokea garanti yetu alikuwa mpangaji kama sisi. Baba yako, Mungu amrehemu, alitaka kuomba karatasi. Akaambiwa asiaibishe watu, huyo tunasali naye. Maneno hayo yalisemwa mezani kwetu, na baba yako hakupenda kubishana ndani ya nyumba yake.

Miezi 6 ni mingi. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. 6 ni ya nyumba ya biashara. Najua huko Kolwezi nyumba zinagombaniwa kwa sababu ya kazi za migodi, na utaambiwa kuna watu kumi nyuma yako. Mwambie kwa adabu, umwite papa au mama, lakini mwambie. Wewe unakubali haraka ili mtu asikuone mgumu. Tabia hiyo umeirithi, kwa hiyo sikulaumu sana.

Kontra, yaani mkataba, iandikwe, mbili, moja ikae kwako. Iseme garanti ni kiasi gani na itarudi lini ukitoka, na kila upande unampa mwenzake taarifa miezi mingapi kabla. Siku ya kupewa ufunguo, andikeni pamoja kila kilichovunjika, hata kioo kimoja, mtie saini wote wawili. Usipoandika, siku ya kutoka kioo hicho kitakuwa chako.

Na hiyo ni kartie gani, mtaa gani? Kama ni Kasulo au karibu yake, nisikilize vizuri. Huko tangu 2014 watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wengine ndani ya chumba cha kulala. Rangi mpya hainipi amani. Chukua sarafu, kwangua juu ya mlango na pembe za madirisha. Ukiona ufa unapanda kama ngazi kati ya matofali, ingiza kucha, ikizama, toka. Piga kisigino sakafuni, pembe kwa pembe, usikilize kama panalia kama ngoma. Na bado tuko Septemba, mvua haijaanza kusema ukweli wa bati hilo. Tazama dari, alama za maji huwa kama chai iliyomwagika.

Omba fakture ya mwisho ya SNEL, ile bili ya umeme, deni la mtu lisije kuwa lako. Habari za maji waulize wanawake wa lupango, ndio wanaoamka kuyakinga.

Lakini hayo yote ni baada ya jina. Nani mwenye lupango?

Hapa hatujambo. Mguu wa bibi yako umepungua kuvimba, sasa anatembea mpaka jikoni, anasema sombe, kisamvu, ninayoipika mimi haina mafuta. Dada yako amepanda darasa, anataka viatu. Pesa uliyotuma imenunua gunia la makala ya kupikia na dawa. Iliyobaki nimekuwekea, usiniulize tena nimekula nini. Najivunia wewe, hata kanisani wanajua, nimewaambia.

Godoro lako nimelifunga kwa kamba, liko nyuma ya mlango pamoja na sufuria mbili na blanketi la baba yako. Basi linaondoka Ijumaa asubuhi. Godoro nitalipeleka nikishaona picha ya sertifika na jina lililo juu yake.

Mama yako