Kuhusu damu ya mtoto wa Mwanaisha

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Hamjambo huko Likoni? Huku Kisauni sote wazima. Ujumbe wako nimeusoma, kwamba kipimo cha haraka cha selimundu (siko seli) cha mtoto wa Mwanaisha kimetoka chanya, na maneno ya mkwewe Mwanaisha, kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, yamenikera.

Kwanza, kipimo kile cha haraka kinaonyesha tu kwamba hemoglobini S imo, yaani ile yenye kasoro ya protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mtu wa AS, aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu na mzima kabisa, naye hupata chanya. Cha kutenganisha AS na SS, ambaye ndiye mgonjwa, ni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachoonyesha kila aina ya hemoglobini iliyomo. Waitaje kwa jina hapo maabara. Kama mtoto ameongezwa damu karibuni, waseme, maana ya mtoaji itachanganya majibu.

Umeuliza vipi herufi moja ilete balaa lote hili. Jeni ya beta-globini, kipande cha hemoglobini, imeandikwa kwa herufi A, T, G na C, nayo huiambia seli ipange asidi amino 146 (vijenzi vya protini), kila moja kwa herufi tatu. Nafasi ya 6 husomeka GAG, yaani glutamati. Kwenye S, A ya kati imekuwa T, basi seli inaweka valini. Glutamati hupenda maji, valini huyakimbia. Hemoglobini ikishaachia oksijeni hufunua kijishimo, na valini ya jirani hujichomeka humo. Zikishikana hivyo zinakuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ya damu inapinda, mishipa midogo inaziba. Maumivu ni hayo, na ukosefu wa maji, baridi na homa huyachochea.

Lakini si kila herufi ikibadilika huumiza. GAG ingekuwa GAA, bado ni glutamati, asingejua mtu. Jeni hiyohiyo, CAG ya nafasi ya 39 ikiwa TAG, seli husoma "simama" na protini hukatika njiani. Hiyo ni thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi.

Wala si jicho la mtu lililomkuta mtoto baadaye. Miezi ya mwanzo hemoglobini F, ile anayozaliwa nayo mtoto, bado nyingi, nayo haitumii beta, ndiyo maana alionekana mzima.

Na huyo mkwe aambiwe: mtoto wa SS amechukua S kwa mama na S kwa baba. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina asilimia 25. Mwanaisha peke yake hawezi kubebeshwa!

Sasa nijibu: Vidole vya mikono na miguu vilivimba? Macho yana manjano? Wamempa asidi foliki na penisilini? Wanajua kwamba homa ya 38 si ya kungoja asubuhi, ni hospitali saa hiyohiyo? Na Khamis, babake mtoto, atakubali kupimwa?

Wako,
Saumu