Barua ya wazi kwa Rais wa CAF: goli la ugenini liondoke

Dar es Salaam, 22 Mei 2024

Mheshimiwa Dkt. Patrice Motsepe,
Rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF)

Shikamoo, Mheshimiwa Rais.

Mimi ni Simba tangu utotoni, na nakuandikia kuitetea Yanga. Anayeujua utani wa jadi wa hapa kwetu ataelewa kwamba jambo hili limenikaa rohoni.

Jumapili iliyopita Zamalek ya Misri walitwaa Kombe la Shirikisho mbele ya RS Berkane ya Morocco. Kule Berkane walifungwa 2-1, Cairo wakashinda 1-0. Jumla 2-2, na goli la ugenini likaamua: kwa kanuni hiyo, jumla ikiwa sawa, anayeshinda ni aliyefunga magoli mengi ugenini. Nikiwatazama Berkane wakitoka uwanjani, kimawazo nilirudi moja kwa moja kwenye kibanda umiza kimoja cha Tandika, tarehe 3 Juni 2023, Yanga walipocheza na USM Alger ya Algeria mechi ya pili ya fainali ya kombe hilo hilo, wakiwa wamefungwa 2-1 hapa nyumbani. Siku ile nilikwenda kuwazomea watani. Djuma Shaban alipofunga penalti mapema kule Algiers, kuzomea kukaniisha. Dakika zote zilizobaki, wenye nyekundu na wenye kijani tulibanana kwenye mabenchi yale yale tukiomba goli moja zaidi. Halikuja. Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja wa Yanga aliyekaa mbele yangu aliinua mikono, vidole viwili kulia, viwili kushoto, akamgeukia mwanawe: "Mbili, mbili. Sasa mbona wale wanashangilia?" Kijana akamweleza. Mzee akabaki anavitazama vidole vyake.

Tangu siku ile ubishi haujaisha vijiweni. Simba wenzangu wana jibu fupi: medali si kombe, na kanuni zilijulikana mapema. Wengine wanaongeza kwamba Yanga walijimaliza wenyewe kwenye mechi ya kwanza hapa Dar es Salaam, Uwanja wa Mkapa, na hapo siwapingi. Walikuwa nyuma, mshambuliaji wao Mayele akasawazisha dakika ya 82, uwanja mzima ukatetema naye, na dakika mbili tu baadaye Merili akaipa USM Alger goli la pili. Timu inayotaka kombe hailali namna ile. Wala siombi USM Alger wanyang'anywe chochote. Walicheza kwa kanuni iliyokuwapo, wakachukua kilicho chao.

Lakini hebu yatazame magoli hayo mawili, Mheshimiwa. Uwanja mmoja, usiku mmoja, dakika mbili kati yake. La Merili likaja kuhesabiwa zaidi ya la Mayele. Kwa nini? USM Alger walishinda Dar es Salaam kwa tofauti ya goli moja. Yanga wakashinda Algiers kwa tofauti ya goli moja. Kila mmoja alimfunga mwenzake nyumbani kwake. Mimi hapo naona timu mbili zilizolingana.

Kinachoniuma zaidi ni maneno yanayofuata, kwamba Yanga ile ilikuwa timu ya kawaida iliyobebwa na bahati. Walitoka suluhu na Club Africain hapa nyumbani, watu wakawazika, wakaenda Tunis wakashinda 1-0 kwa goli la Aziz Ki. Wakaenda Lubumbashi kwa TP Mazembe, 1-0. Wakaenda Uyo, Nigeria, wakawapiga Rivers United 2-0. Wakaja kwenu Afrika Kusini, pale Rustenburg, Marumo Gallants wakalala 2-1. Kisha Algiers. Ushindi wa ugenini mara tano katika msimu mmoja, na wa tano ulikuwa kwenye fainali yenyewe! Mayele akamaliza mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 7. Halafu timu hiyo, kati ya timu zote, ikakosa kombe kwa kanuni iliyotungwa ili kuwatuza wanaothubutu ugenini. Nimelizungusha jambo hili kichwani mwaka mzima na bado halijaniingia.

Kanuni hii ilianza Ulaya mwaka 1965, enzi za safari za taabu. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakaifuta mwaka 2021, wakisema faida ya kucheza nyumbani imepungua, na kwamba timu mwenyeji inaogopa kushambulia isije ikafungwa goli la kuigharimu. Utaniambia Afrika si Ulaya, safari zetu bado ni ngumu. Ni kweli. Yanga walikwenda Algiers kwa ndege waliyopewa na Rais Samia, na klabu nyingi hazina wa kuwapa ndege. Ila ugumu huo unawapata wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, kwa sababu kuna mechi mbili.

Na wewe mwenyewe unaijua ladha ya jambo hili. Mei ile ile ya 2023, Mamelodi Sundowns, klabu uliyoilea kwa mali yako na miaka yako, walitoka 0-0 na Wydad kule Casablanca, wakatoka 2-2 Pretoria, safari ya Ligi ya Mabingwa ikaishia hapo. Hawakufungwa na Wydad hata mechi moja. Naamini watu wa Pretoria nao wana mzee wao wa vidole.

Machi na Aprili mwaka huu Yanga na hao hao Sundowns walitoka 0-0 mara mbili, wakapelekwa kwenye mikwaju ya penalti, Sundowns wakapita. (Lile goli la Aziz Ki lililokataliwa linastahili barua yake peke yake, leo naliacha.) Mikwaju inauma, lakini hakuna aliyekaa pale kibandani akiuliza nani kashinda na kwa nini. Kila mmoja aliona kwa macho yake.

Ombi langu ni hili. Kabla msimu mpya haujaanza Agosti, kamati zako ziifute kanuni ya goli la ugenini katika mashindano yote ya klabu, kuanzia raundi za awali hadi fainali. Jumla ikiwa sawa, wapigiane mikwaju. Mkiona fainali inastahili dakika 30 za nyongeza kwanza, sisi tutakaa.

Nikipata jibu lako nitalipeleka Tandika, nimsomee yule mzee.

Wako katika soka,
Shabiki wa Simba,
Temeke, Dar es Salaam