Mpwa wangu, metali na gesi si mambo ya kukariri

Mpwa wangu,

Mama yako kanitumia picha ya daftari lako la kemia. Metali zinang'aa, zinapitisha umeme, zinafulika. Gesi hazing'ai, hazipitishi, hazifuliki. Mwalimu atazipigia zote vema, lakini mtihani ukigeuza swali kidogo tu, utaachwa kwenye mataa.

Nenda karakana yoyote ya kuchomelea, uombe kuuinamisha mtungi wa oksijeni wa lita 40. Chuma kitupu kinazidi kilo 40. Gesi iliyoshindiliwa humo kwa ba 150 (kama mara 150 ya shinikizo la hewa tunayovuta) ni kilo 8 hivi, na ikifunguliwa inaenea mita za ujazo 6. Kibane chuma kwa nguvu hiyo hiyo uone kama kitapungua: macho yako hayataona kitu. (Na usiiguse koki kwa mikono yenye grisi. Grisi ikikutana na oksijeni ya shinikizo hilo huwaka.)

Kwa nini iwe hivyo? Atomi za metali zimeingia kikoba: kila moja inatoa elektroni zake za nje, zinakuwa za wote. Ndiyo maana umeme na joto vinapita, na ndiyo maana mhunzi anapiga nyundo, tabaka za atomi zinateleza bila kuachana. Shaba inashikilia hivyo mpaka nyuzi 1,085 ndipo iyeyuke. Atomi za oksijeni hushikana mbili mbili, zikazifungia elektroni zao ndani, jozi ya jirani haina habari nazo. Hapa wengi huteleza: kilicho dhaifu si mshikano wa hizo atomi mbili, ni wa jozi kwa jozi. Ndiyo sababu lazima uipoze oksijeni hadi nyuzi 183 chini ya sifuri ndipo iwe kimiminika.

Uzito na ugumu usivitegemee sana. Zebaki ni metali na inamwagika mezani. Sodiamu inakatwa kwa kisu na kuelea majini, japo hapo hapo inaanza kuchachamaa.

Halafu kuna hidrojeni, iliyokaa juu kabisa ya safu ya sodiamu kwenye jedwali la elementi ilhali ni gesi. Mwaka 1996, kwenye maabara ya Livermore, Marekani, watafiti waliipiga hidrojeni kimiminika kwa pigo la ghafla hadi shinikizo la karibu mara milioni 1.4 ya hili la hewa tunayovuta, ikapitisha umeme kama metali. Hakuna kilichoongezwa humo. Atomi zilisogezwa tu hadi elektroni zikakosa mwenyewe.

Mjomba wako