Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya kuhusu maiti wanaozikwa bila majina

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, naomba nianze na habari ya chuma.

Mwaka 2009 mjomba wangu alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu wa kulia, chini ya goti. Alikuwa utingo. Daktari alimtia chuma na skrubu sita, mguu ukapona, ila mvua za Juni zikianza alikuwa akisema chuma kinamsalimia. Mwaka 2012 aliondoka kwetu Magarini akaenda Mombasa kupanda lori la kwenda bara. Alipiga simu wakiwa Mariakani, wamepanga foleni ya mizani. Alitaka kujua kama mbuzi ameshazaa. Hatukumsikia tena.

Tulipiga ripoti kituoni tukapewa nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Kisha mamangu, ambaye ni dadake, akanichukua tukaanza kuzunguka mochari za kando ya barabara kuu. Ukiingia mochari kutafuta mtu huulizwi sana. Unavutiwa droo, unatazama, unatikisa kichwa, unavutiwa nyingine. Mamangu alikuwa akitazama miguu kwanza.

Katika mochari ya tatu mhudumu mmoja, mtu mwema, alitufungulia daftari. Kwenye wiki ile ile aliyopotea mjomba palikuwa na mwili ulioletwa na polisi kutoka kando ya lami. Maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza: mwanamume, Mwafrika, mtu mzima, hajulikani. Pembeni mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyingine: kovu refu, mguu wa kulia. Nilimuuliza mwili uko wapi. Umezikwa, akasema. Tangazo lilitoka gazetini, mahakama ikatoa amri, manispaa ikawachukua kumi na wawili kwa mpigo na kuwaweka katika shimo moja. Picha haikupigwa. Alama za vidole hazikuchukuliwa. Namba juu ya kaburi hakuna.

Basi Mheshimiwa, sisi hatujui kama yule alikuwa mjomba. Huenda ni yeye, huenda ni mtoto wa mwenzetu mwenye kovu kama lake. Ndiyo maana sikuandikii kulalamikia kifo. Nakuandikia kuhusu lile neno "hajulikani". Hajulikani na nani? Kwetu alikuwa anajulikana hadi na mbuzi. Serikali yenyewe ilimjua: alipofika miaka 18 ilimchovya wino vidole vyote kumi, ikampa kipande, yaani kitambulisho. Alama zile ziko katika Idara ya Usajili wa Watu, iliyo chini ya wizara yako. Polisi walioubeba mwili wako chini ya wizara yako. Nambari yetu ya OB iko kituoni, chini ya wizara yako hiyo hiyo. Jina lilikuwamo katika nyumba moja na maiti, vyumba tofauti, na hakuna aliyefungua mlango.

Kwamba mlango huo unafunguka tuliuona Yala. Januari 2022 watetezi wa haki za binadamu walifika mochari ya Yala, kaunti ya Siaya, wakakuta miili zaidi ya ishirini iliyoopolewa mtoni, mingine ikiwa na majeraha na alama za kufungwa. Ilikuwa ikiopolewa mmoja mmoja kwa muda mrefu, na wavuvi na wapiga mbizi walikuwa wakisema. Nchi ilipopiga kelele ndipo wapelelezi walipotumwa, wakachukua alama za vidole, na baadhi ya miili ikapata majina. Haikuhitajika mashine mpya. Hata ngozi ya kidole iliyonyauka au kuchubuka kwa maji, mtaalamu anajua jinsi ya kuiloweka ikarudi ikasomeka. Kilichokosekana siku zote zile ni mtu mwenye wajibu wa kuchukua alama hizo siku ya kwanza, kelele zipigwe zisipigwe.

Vidole lakini vina mwisho wake. Mtoto hana kipande, na mfupa hauna ngozi. Hapo nakurudisha kwetu, Shakahola.

Aprili 2023 walipoanza kufukua msituni mle makaburi ya waumini waliodaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa, sisi wa Magarini na Malindi tulikuwa tukihesabu pamoja na redio. Ishirini, hamsini, mia. Hesabu ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Miili ikajazwa kwenye makontena ya baridi hospitalini Malindi. Msalaba Mwekundu wakafungua dawati la kuwaandikisha waliopotelewa, ndugu wakatoa mate na damu, sampuli zikapelekwa Nairobi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Awamu ya kwanza ilihusu miili thelathini na kitu tu. Mamia wakabaki. Kisha mwaka 2025 makaburi mengine yakaanza kufukuliwa Kwa Binzaro, upande wa Chakama, na hesabu ikaanza upya.

Siwalaumu wataalamu waliokesha na kazi ile. Mwili uliokaa ardhini kwenye joto la pwani hautoi DNA kwa urahisi. Mara nyingi inabidi ikatwe kwenye mfupa mnene wa paja au itolewe ndani ya jino, isafishwe, ijaribiwe, ishindwe, irudiwe. Hilo tunalielewa. Lakini kuna upande mwingine wa kazi hii ambao hausemwi, na ndio ninaotaka uupime.

DNA ya mfupa peke yake haitaji jina. Ni kama nusu ya noti iliyochanwa. Nusu ya pili iko kwa aliye hai: mama, baba, mtoto. Mfupa ukikaa pakavu unaweza kungoja miaka hamsini. Mama hawezi. Nyanya yangu, mama yake mjomba, alifariki mwaka 2021 bila mtu yeyote kumwomba hata tone la mate. Moja ya sampuli bora za kumtambua mwanawe tuliizika wenyewe, kwa mikono yetu, tukairudishia udongo.

Baadaye nilisoma jambo lililonifariji kidogo. Iko DNA ya aina nyingine ambayo mtu huipata kwa mamake tu. Nyanya aliwapa mjomba na mamangu, na mamangu akanipa mimi. Kwa hiyo ile ya mjomba ninatembea nayo. Haitoshi peke yake kumtaja mtu, kwa sababu ukoo mzima wa kikeni unaishiriki, lakini inaweza kuwaondoa kumi na mmoja kati ya wale kumi na wawili. Wazee wetu walijua kwamba mpwa ana haki kwa mjombake. Sikuwahi kufikiri kwamba haki yenyewe imo ndani ya damu yangu.

Utaniambia shimo lile halina namba na mifupa imechanganyika. Kule Bosnia waliyaona makubwa zaidi. Baada ya mauaji ya Srebrenica mwaka 1995, wauaji walirudi na matingatinga wakayahamisha makaburi ili kuficha ushahidi, hata mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika makaburi tofauti, moja kilomita nyingi kutoka jingine. Tume ya kimataifa ya watu waliopotea ikaundwa 1996. Walianza kutoka kwa walio hai: wakaenda kwa akina mama, wakakusanya damu nyumba kwa nyumba, hata kwa waliokimbilia nchi nyingine, kisha wakailinganisha na mifupa. Jina la kwanza kwa njia ya DNA lilipatikana Novemba 2001. Leo kati ya waliouawa takriban 8,000, karibu 7,000 wametambuliwa.

Kama Bosnia ni mbali na ina wafadhili, tazama Afrika Kusini. Tangu 2005 kuna kikosi cha kuwatafuta waliopotea wakati wa ubaguzi wa rangi, kilicho chini ya ofisi ya mashtaka ya nchi hiyo. Vijana wengi waliouawa na polisi walikuwa wamezikwa kama maskini wasio na mwenyewe. Kilichowaonyesha walipo ni daftari: daftari la mochari, daftari la makaburi, safu ya ngapi, shimo la ngapi. Dola iliyowaua iliandika ilipowatupa. Yetu, ambayo haikumuua mjomba, haikuandika.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kidogo kuliko maabara. Kabla ya mwili wowote usio na jina kutoka mochari kwenda shimoni, vidole visomwe na kulinganishwa na vya Usajili wa Watu. Picha ipigwe ya uso, ya meno, ya makovu na ya nguo. Jino au kipande cha mfupa kibaki. Mwili uzikwe peke yake, na namba isiyooza mguuni na juu ya kaburi. Mwenye mochari atasema hiyo ni kazi ya polisi, polisi atasema mochari ni ya kaunti, kwa kuwa afya iligatuliwa. Nimesikia hayo yote mawili kwa masikio yangu, siku moja, katika majengo yanayotazamana. Amri ya kumaliza ubishi huo iko mezani kwenu.

Tangazo nalo. Siku saba, katika gazeti la Kiingereza, kwa ajili ya mama wa Magarini asiyenunua gazeti. Redio zetu za pwani zinatangaza vifo kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari na hakuna kijiji ambacho hakisikilizi. Tangazeni huko. Tena tangazeni kovu, shanga, chale, rangi ya shati. Mwaka 2023 polisi wa Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, wakisaidiwa na Interpol, walitoa hadharani habari za wanawake 22 waliouawa ambao hawakujulikana. Mmoja, aliyekutwa Antwerp mwaka 1992, alitambuliwa na jamaa zake Uingereza kwa chale ya ua iliyokuwa mkononi. Miaka thelathini na mmoja, na jibu lilikuwa ni mtu kuiona chale tu.

Kisha sampuli za familia. Watu waitwe watoe mate bure, katika kila kaunti, wazee kwanza. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu najua wenzangu watakavyolipokea. Serikali iliwahi kuweka katika sheria kwamba DNA ya kila Mkenya ikusanywe kwa ajili ya Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho wa kila mtu, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema hapana. Ilisema vyema. Mate ya anayemtafuta nduguye yatumike kumtafuta nduguye, basi. Siku yatakapotumiwa kumkamata binamu yake, hakuna mama atakayefungua mdomo tena.

Na wako wengine hapa pwani ambao ndugu zao walichukuliwa usiku na watu waliojitambulisha kuwa askari. Kumwambia mama kama huyo aende kituoni akaandikishe ni kumdhihaki. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa polisi peke yao. Bunge lililiona hilo, likapitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Makorona mwaka 2017 (si ule ugonjwa, sheria ilitangulia). Inaunda ofisi huru ya kuchunguza vifo visivyoeleweka na kujua marehemu ni nani. Ilitiwa saini. Tangu hapo tumeona Yala, tumeona Shakahola, tumeona magunia ya maiti kwenye jaa la Kware, Nairobi, mwaka 2024, na ofisi bado haijafunguliwa. Sijui kama kuna sheria nyingine nchini iliyosubiriwa na maiti wengi hivi.

Mkaza mjomba alikaa miaka saba. Baada ya hapo sheria ya ushahidi inakuruhusu kumdhania mtu amekufa, ukienda mahakamani. Alikwenda kwa Kadhi, akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa mume ambaye hakuna aliyemwosha. Tuliswali swala ya ghaibu. Tulisoma hitma. Mwanawe wa mwisho alipoomba cheti cha kifo ili afuatilie pesa kidogo za babake, aliulizwa kibali cha mazishi kiko wapi.

Mamangu amehifadhi bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndani mna filamu ya eksirei ya mwaka 2009. Mfupa unaonekana vizuri, na kile chuma, na skrubu sita; ya tatu kutoka juu imeingia mshazari kidogo, mtu akiiona mara moja haisahau. Mfupa wa mguu ukioza chuma hakiozi. Mamangu ana miaka sabini na mbili na sukari. Mate yake yapo, yangu yapo, filamu ipo. Tuambie, Mheshimiwa, tuvipeleke ofisi gani.

Wako,
Mpwa wa utingo,
Magarini, Kaunti ya Kilifi