Kwa Fundi Salehe, kuhusu kile kiti chenye masikio

Leicester, Uingereza, Novemba

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi, na zaidi kwa mama watoto. Picha uliyonitumia nimeiona. Huyo mwenye hoteli anayetaka "viti vya kifalme" ameona kiti cha mtu anayeogopa baridi. Yale masikio mawili yanayotokeza kando ya kichwa ni ya kuzuia upepo. Nyumba za Waingereza wa karne ya 17 na ya 18 zilikuwa na moto upande mmoja na nyufa pande zote, kwa hiyo ukikaa mbele ya meko, magoti yanaungua huku mgongo unaganda. Fundi akainua mgongo wa kiti, akaongeza masikio, akajaza nywele za farasi chini ya kitambaa. Viweke ukumbini Tanga mwezi wa Februari uone wageni watakavyotota.

Tangu nianze kubeba mizigo kwenye nyumba ya mnada huku, nimepunguza kushangaa nakshi. Kila kitu kikipita mikononi mwangu najiuliza mwenyewe alikuwa anaogopa nini. Mara nyingi ni baridi au mwizi. Kwa matajiri, ni mtumishi wa ndani.

Chukua kitanda. Kipo kimoja maarufu cha mji wa Ware, sasa kimewekwa Victoria and Albert Museum, London. Kilichongwa kwa mwaloni mnamo 1590, upana wake unapita mita 3, na inaaminika kilitengenezwa kuvutia wateja kwenye nyumba ya wageni. Sifa zake zilienea mpaka Shakespeare akakitaja katika tamthilia. Ukikiona utasema ni samadari: nguzo, besera ya mbao, mapazia. Ila mapazia yale hayakuwa ya mbu. Katika nyumba nyingi za enzi hizo vyumba vilipitana, mtu akikatiza kwako kwenda kwake, basi ukishusha mapazia umepata faragha na joto kwa pamoja. Mvunguni mwa vitanda vya namna hiyo mara nyingi kulikuwa na kitanda kingine kifupi chenye magurudumu, cha mtoto au mtumishi, kinachovutwa usiku na kurudishwa asubuhi. Kitanda na mapazia yake kilikuwa mali ya kuandikwa kwenye wasia. Huyo huyo Shakespeare, mwaka 1616, alimwachia mkewe kitanda "cha pili kwa ubora", na wasomi bado wanabishana kama ilikuwa heshima au kebehi. Kwetu shauri hilo lingefika kwa kadhi siku ya tatu ya matanga.

Kasha unalijua, sina haja ya kukufundisha. Ila hili litakufurahisha: mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry VIII iliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, na daftari likae ndani ya kasha lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa padri, mwingine kwa wazee wa kanisa, asifungue mmoja bila mwenzake. Baadaye zikawa kufuli tatu! Ubaya wa kasha ni kwamba unachokitaka kiko chini siku zote. Mafundi wakaanza kutia droo moja upande wa chini, wakaongeza, na kufikia mwisho wa karne ya 17 kasha limegeuka droo tupu.

Hata chai ilifungiwa. Ilikuwa ghali na ushuru wake ulikuwa wa kutisha, hivyo ikakaa kwenye kibweta chenye kitasa, ufunguo kwa mama mwenye nyumba. Mwaka 1784 Bunge lilishusha ushuru huo kutoka asilimia 119 hadi 12.5, lakini vibweta viliendelea kutengenezwa, maana vilishakuwa pambo la sebuleni.

Kuhusu hofu ya watumishi, matajiri walibuni meza ya sinia tatu juu ya mhimili mmoja, kubwa chini, ndogo juu. Inasogezwa karibu na wageni, watumishi wanatolewa nje, watu wanajipakulia wenyewe na kuteta watakavyo. Na baadhi ya makabati ya chumba cha kulia ya mwishoni mwa karne ya 18 yana kijisehemu cha chungu cha kukojolea. Wanawake wakishaondoka mezani, wanaume waliendelea na mvinyo na hawakuona haja ya kutoka. Hilo usimwambie mteja wako.

Uliuliza kwa nini kila kitu ni mahogani. Kabla yake walipenda mbao za mjozi. Baridi kali ya 1709 iliua mijozi mingi Ufaransa, na mwaka 1720 Wafaransa wakazuia kuiuza nje. Mwaka uliofuata Waingereza wakaondoa ushuru wa mbao za makoloni yao, mahogani ya Jamaica ikamiminika London. Mbao pana, haipindi ovyo, inapokea patasi. Thomas Chippendale, seremala kutoka Yorkshire, akachapisha kitabu cha michoro mwaka 1754, matajiri wakawa wanachagua viti kama watu wanavyochagua kanga dukani. Waliokata miti ile ni Waafrika waliofanywa watumwa. Na kazi kubwa kuliko zote ya Chippendale ilikuwa Harewood House, nyumba iliyojengwa kwa utajiri wa sukari na utumwa wa Karibi. Kwenye vitabu vya mnada huandikwa jina la fundi na aina ya mbao, basi.

Sasa ushauri. Mshawishi achukue viti vya Windsor, vile vilivyotengenezwa kwa wingi mji wa High Wycombe. Vilianza kama viti vya bustani, havina godoro, mgongo ni fito tupu na hewa inapita. Kikalio ni ubao mmoja mzito uliochongwa kufuata makalio. Wao walitumia mti wa elmu kwa sababu haupasuki ukitobolewa matundu mengi. Wewe tafuta mbao yenye tabia hiyo. Miguu ikereze, ikauke kabisa kabla ya kuipachika, kikalio kikiwa bado na unyevu kidogo. Kikikauka kitaibana miguu chenyewe, bila msumari.

Kimoja kipo ghalani sasa, kinauzwa Alhamisi. Niambie upesi unataka vipimo gani.

Wako,
Bakari