Barua kwa mwanangu: bibi uliyepewa jina lake

Mwanangu mpendwa,

Tangu upande treni kurudi Bologna, neno ulilolisema mezani halijanitoka. Tulikuwa tumetoka makaburini, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, na shangazi yako akaanza tena kile kisa cha yule bibi wa zamani aliyeolewa kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Ukacheka, ukasema, "Na mimi ndiye niliyepewa jina lake!" Sikukujibu mbele za watu. Nakujibu sasa, kwa sababu tangu kiangazi nimekuwa nikimtafuta bibi huyo, na nimempata.

Daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo zilianza Sicilia mwaka 1820, na idara ya nyaraka ya Italia imeweka picha zake kwenye tovuti ya Antenati, bure. Mwanzoni mwandiko ulinitoa machozi. Kisha nikajifunza jambo moja lililonifungulia mlango. Karani akiandika jina la mtu hulifuatisha la baba yake. Baba akiwa hai huandika *di*, akiwa amefariki huandika *fu*. Herufi mbili tu, kama sisi tunavyosema marehemu. Siku hizi jicho langu huitafuta *fu* kabla ya kulitafuta jina lenyewe.

Fungua daftari la vifo la Palermo la 1837. Mwezi Mei watu wanakufa kama wanavyokufa siku zote. Juni kipindupindu kikaingia mjini, na ukifika Julai unafunua ukurasa baada ya ukurasa na bado ni siku ile ile. Sababu ya kifo haikuandikwa katika hati hizo. Unaijua kwa unene wa daftari. Palermo peke yake ilizika watu wapatao 24,000 kwa miezi michache, na Sicilia nzima karibu 69,000. Mwanachuoni Domenico Scinà alikufa Julai ile ile, na wavuvi wa Kalsa, mtaa wa Palermo ulio karibu na bahari, wakafa, wakwe zetu hawa miongoni mwao. Watu walikuwa wamezoea kuzikwa ndani ya makanisa, lakini makanisa hayakutosha. Ndipo yakafunguliwa makaburi ya Rotoli, kando ya bahari chini ya mlima Pellegrino. Hapo hapo unapopeleka maua kila mwaka.

Shangazi husema pia kwamba mababu walitiliwa sumu na watu wa mfalme. Hilo usilicheke. Kisiwa kizima kiliamini hivyo. Siracusa na Catania ziliasi, na mfalme, Ferdinando wa Pili, akamtuma Del Carretto, waziri wake wa polisi, kuwatia adabu kwa risasi. Siracusa ikanyang'anywa hata makao makuu ya mkoa, yakahamishiwa Noto. Watu waliona jirani amekunywa maji asubuhi na jioni amekauka kama samaki juani: wangewaza nini? Tabibu Filippo Pacini alikuja kuviona vijidudu vya ugonjwa huo kwa hadubini, kule Firenze, mwaka 1854, na hata yeye hakusikilizwa. Na miaka ile ile ya 1836 na 1837 kipindupindu kilipita pia pwani yetu, Unguja ikiwa chini ya Seyyid Said. Wa kwetu hawakuandikwa katika daftari lolote. Huenda ndiyo maana nimewashikilia hawa wa baba yako.

Sasa nisikilize. Mjane akitaka kuolewa tena alilazimika kupeleka hati ya kifo cha mumewe. Na kama baba yake mzazi amekufa, apeleke na hati hiyo, pamoja na ya babu yake mzaa baba, kuonyesha kwamba hakuna aliyebaki wa kumpa idhini. Karatasi hizo zimefungwa pamoja na ndoa yake ya Juni 1838. Nilidhani nitakuta moja. Nikakuta tatu: mume, baba, babu. Zote za Julai 1837, ndani ya siku tisa.

Alikuwa na miaka ishirini na nne, na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kazi yake imeandikwa ni kusokota. Mwanamume wa kumsemea hakuwapo hata mmoja. Wanasema hakungoja, mimi nimehesabu miezi kumi na moja. Kwetu mjane hukaa kizuka miezi minne na siku kumi, na akimaliza hakuna wa kumnyooshea kidole. Aliyemwoa alikuwa mgane, fundi mapipa, na wawili wake wa kulea. Nawaona hao wawili, kila mmoja ameingia ofisini na furushi lake la vifo, wakatoka na watoto watatu.

Nikamfuata yule mtoto wa miaka miwili. Alikua, akawa mvuvi kama baba yake, akaoa mwaka 1860, na katika hati yake ya ndoa *fu* imekaa mahali pake. Unajua desturi ya huku: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza la bibi mzaa baba. Akafuata yote. Mwana wa kwanza akampa jina la yule mvuvi aliyekufa Julai. Binti wa kwanza akampa la mama yake, na hilo ndilo limeshuka mpaka kwako.

Mwana wa tatu desturi haikumlazimisha. Huyo alimpa jina la fundi mapipa.

Ami yako mdogo anaitwa jina hilo hilo, na nilipomuuliza limetoka wapi akasema limekuwamo tu katika ukoo. Nimemchapishia ukurasa ule, nakala nyingine imo ndani ya bahasha hii. Ukija Krismasi, mwonyeshe shangazi yako wewe mwenyewe.

Mama yako